Linux Nyumbani: Jaribu Kwanza, Diski Baadaye

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza. Windows 11 nayo ina masharti yake: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana. Sasa angalia laptop zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au zile zinazoitwa Ex-UK pale Luthuli, Nairobi. Nyingi zilikuwa mashine za maofisi huko nje, kizazi cha nne hadi cha saba, bodi imara, kibodi nzuri, na bado zina miaka ya kazi. Mwenye mashine ya namna hiyo huambiwa na fundi achague moja: anunue nyingine, au apigiwe Windows 11 ya kulazimisha. Kuna njia ya tatu, nayo ni Linux, bure na halali, na mashine hizo huipokea vizuri kabisa.

Tatizo ni kwamba watu wengi huianza njia hii Jumamosi asubuhi na kuiacha Jumapili jioni. Waifai haionekani, kioo kimekuwa cheusi, Windows imepotea na picha za harusi zimekwenda nayo. Kwa watu niliowasaidia, chanzo cha mateso hayo karibu kila mara kimekuwa kilekile: walisakinisha kabla ya kujaribu. Linux inaweza kuwaka yote kutoka kwenye flashi, ukaitumia, ukaingia intaneti, ukafungua barua zako, bila diski ya kompyuta kuguswa hata kidogo. Saa moja ndani ya hali hiyo ya majaribio itakuonyesha karibu kila shida utakayokutana nayo baadaye, wakati bado huna cha kupoteza. Saa hiyo ndiyo watu wanairuka.

Kwanza, kuchagua. Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Unachosakinisha ni mfumo mzima uliojengwa juu ya kiini hicho, unaoitwa distro, na distro ziko nyingi mno. Kwa anayetoka Windows napendekeza Linux Mint bila kusita. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, madirisha yanafungwa palepale ulipozoea. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi mwaka 2029. Mashine yenye RAM ya GB 8 ipe toleo la Cinnamon. Yenye GB 4 ipe Xfce, ambalo ni jepesi zaidi. Yenye GB 2 itawaka, lakini kivinjari kikifunguliwa kurasa nyingi itachoka, na hapo hakuna distro itakayofanya muujiza. Na kama mashine bado ina diski ya zamani ile inayozunguka, fedha ya kwanza uliyonayo inunulie SSD, hata ndogo. Hakuna badiliko lingine litakaloifufua mashine kiasi hicho.

Vijana wengi huanza na Kali kwa sababu wameiona kwenye video za wadukuzi. Naomba msifanye hivyo. Kali ni sanduku la vifaa vya wapimaji wa usalama wa mitandao, na walioitengeneza wenyewe wameandika kwamba haimfai mtu anayejifunza Linux kwa mara ya kwanza. Ukitaka kufika huko, jifunze Mint mwaka mmoja, Kali utaikuta inakusubiri.

Faili la Mint, linaloitwa ISO, lina ukubwa wa karibu GB 3. Kwa mtu anayetumia bando hiyo si kidogo, kwa hiyo lipakue usiku kama mtandao wako una bando la usiku, au mahali penye waifai ya kuaminika. Lipakue kwenye tovuti ya Mint yenyewe. Likishashuka, usilitumie kabla ya kulihakiki. Mtandao ukikatikakatika, faili huweza kufika likiwa na kasoro lakini linaonekana zima, na kasoro hiyo itajitokeza katikati ya usakinishaji kwa ujumbe usioeleweka. Kwenye Windows fungua dirisha la amri katika folda yenye faili, kisha andika certutil -hashfile, jina la faili, na neno SHA256. Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule uliowekwa kwenye tovuti ya Mint. Ukilingana, endelea. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

Halafu flashi. GB 8 inatosha, na kila kilichomo kitafutwa, kwa hiyo kihamishe kwanza. Jihadhari na flashi za bei ya kutupa zinazodai kuwa na GB 64 au 128: baadhi yake ukubwa huo ni wa uongo, na data ikizidi kiasi halisi inaharibika kimyakimya. Kulinakili faili la ISO ndani ya flashi hakutoshi, kompyuta haitawaka nalo. Unahitaji programu ya kuliandika. Kwenye Windows tumia Rufus, ni ndogo na bure. Chagua flashi yako, chagua ISO, na kwa mashine iliyokuja na Windows 8 au ya baadaye weka GPT na UEFI, kisha bonyeza Start.

Zima kompyuta, chomeka flashi, iwashe huku ukigongagonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Dell na ThinkPad nyingi ni F12, HP ni F9 au Esc kisha F9, Asus mara nyingi ni Esc au F8. Kwenye Acer ni F12 pia, ila mara nyingi lazima kwanza uingie kwenye mipangilio ya BIOS kwa F2 na kuiruhusu. Menyu ikitokea chagua flashi, na baada ya muda utakuwa mbele ya Mint.

Hapa tulia. Kwenye eneo la kazi kuna alama ya Install Linux Mint, na mkono utawasha kuibonyeza. Iache. Chukua karatasi na kalamu, uichunguze mashine kitu kimoja baada ya kingine. Waifai inaona mitandao? Cheza video: sauti inatoka kwenye spika, na kwenye hedifoni je? Punguza na ongeza mwanga wa kioo. Fungua kamera. Unganisha simu kwa bluetooth. Funga kifuniko cha laptop, subiri dakika chache, kifungue: inaamka? Chomeka printa yako kama unayo. Andika kinachofanya kazi na kisichofanya.

Waifai ndiyo kilio kikubwa, na mara nyingi mwenye kosa ni chipu. Mashine kadhaa za zamani za HP, Dell na Apple zilifungwa chipu za Broadcom ambazo draiva yake haiko huru kabisa, hivyo haiji ikiwa imewashwa ndani ya mfumo. Kuna mtego hapo: ili upate draiva unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji draiva. Wengi hukata tamaa papo hapo. Dawa iko mfukoni mwako. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu sehemu ya hotspot, washa kusambaza intaneti kwa USB. Mint itaiona simu kana kwamba umechomeka waya wa mtandao, bila draiva yoyote ya ziada. Hakikisha waya ni wa kupitisha data, kwani baadhi ya waya za bei rahisi hupitisha chaji tu. Kisha fungua Driver Manager, ipe muda itafute, ukubali draiva iliyopendekezwa. Ukifanya hivyo ndani ya majaribio itapotea ukizima, lakini umekwisha kujua kwamba inawezekana, na baada ya kusakinisha utarudia kwa dakika chache.

Kioo kikibaki cheusi baada ya kuchagua flashi, mara nyingi ni kadi ya picha, hasa NVIDIA. Washa upya, na kwenye menyu ya mwanzo ya Mint chagua compatibility mode. Ukishasakinisha, Driver Manager hiyohiyo itakupa draiva sahihi ya NVIDIA.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia kabla ya kuondoka kwenye majaribio. Fungua programu iitwayo Disks uone kama diski ya kompyuta inaonekana, na ni ya ukubwa gani. Laptop nyingi, hasa za Dell, hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye hali ya RAID au Intel RST, na Linux huweza isiione diski kabisa. Mtu hudhani diski imekufa. Haijafa, kinachotakiwa ni kubadilisha hali hiyo kuwa AHCI ndani ya BIOS. Kama Windows utaiondoa moja kwa moja, badilisha tu. Kama utaibakiza, iambie kwanza Windows iwake katika hali ya usalama, ubadilishe BIOS, uiwashe mara moja katika hali hiyo, kisha uirudishe kwenye kawaida. Ukiruka hatua hiyo, Windows haitawaka. Hapohapo kwenye Disks, soma taarifa za afya ya diski. Diski inayoonyesha sekta mbovu usiisakinishie kitu.

Sasa rudi Windows kwa maandalizi ya mwisho. Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje: nyaraka, picha, hata vile unavyodhani si vya maana. Kisha angalia kama BitLocker imewashwa, kwa sababu mashine nyingi za Windows 11 huja na diski iliyofungwa kwa siri bila mwenyewe kujua. Ama uizime na kusubiri imalize kufungua diski, ama uandike ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kwenye karatasi. Zima pia Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kikweli unapobonyeza kuzima. Inasinzia huku imeshikilia diski, na Linux haitathubutu kuandika humo.

Kuhusu kuweka Linux peke yake au pamoja na Windows, mimi nina msimamo. Kama una programu ya kazi isiyopatikana Linux, mathalani ya uhasibu au za Adobe, weka zote mbili. Kama kazi yako ni barua, majedwali, kivinjari, WhatsApp ya kwenye kivinjari na filamu, weka Linux peke yake ukishaizoea kwenye majaribio. Kuishi na mifumo miwili kuna usumbufu wake, na anayeanza hurudi Windows kila anapokwama, hivyo hajifunzi. Ukiweka zote mbili, punguza eneo la Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa kutumia Disk Management, uache angalau GB 60 tupu. Kukiachia kisakinishi cha Linux kazi ya kukata diski ya Windows kunawezekana, ila siipendi.

Chomeka chaja hata kama betri imejaa. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, chagua saa ambazo umeme mtaani kwenu haukatikikatiki. Washa tena kutoka kwenye flashi, kisha bonyeza ile alama ya kusakinisha. Weka tiki kwenye sehemu ya kodeki za sauti na video. Kwenye hatua ya diski, soma ukubwa na jina kabla ya kukubali, usije ukafuta diski ya nje yenye nakala zako. Kwa kweli ichomoe kabisa kabla hujaanza. Kufuta diski yote ni Erase disk, kukaa na Windows ni Install alongside.

Ikiwa Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, imewashwa, kisakinishi kinaweza kukuomba uunde nenosiri la ziada. Liandike. Baada ya kuwasha upya, kioo cha buluu kitatokea chenye maneno ya MOK management, nacho hukaa sekunde chache tu. Watu hukiogopa wakidhani mashine imeharibika, au hukiacha kipite, kisha waifai au kadi ya picha inagoma. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, kisha Continue, Yes, uandike lile nenosiri, uwashe upya. Kimekwisha, hakirudi.

Ukishaingia, la kwanza ni masasisho. Fungua Update Manager na ukubali pendekezo la kuchagua seva iliyo karibu au yenye kasi. Tofauti yake kwa mtu wa Mwanza au Kisumu inaonekana wazi. Masasisho ya kwanza ni mazito, kwa hiyo bando la usiku litakufaa tena. Unaweza pia kutumia terminali: sudo apt update, kisha sudo apt upgrade. Na hapa niseme jambo dogo linalowasumbua wengi kwenye distro nyingine. Mwalimu mmoja aliyekuwa na distro nyingine alinipigia simu usiku, "Kaka, kibodi imekufa, naandika nenosiri hakuna kinachoonekana." Kibodi ilikuwa nzima. Mint huweka vinyota unapoandika nenosiri la sudo, lakini kwenye distro nyingine nyingi terminali haionyeshi kitu, hata vinyota haiweki, ili anayekuchungulia asijue hata urefu wake. Huko andika lote bila kuona, ubonyeze Enter.

Umeme ukikatika katikati ya masasisho, mara inayofuata utaambiwa kazi ilikatizwa na programu mpya zitagoma kuingia. Usisakinishe upya. Andika sudo dpkg --configure -a na mfumo utamalizia palipoachwa.

Programu zichukue kwenye Software Manager, wala usizunguke kwenye tovuti kutafuta mafaili ya exe, maana hayo ni ya Windows. Amri yoyote utakayoikuta mahali, hasa inayoanza na sudo, isome kwanza ujue kila neno linafanya nini. Yenye rm -rf hufuta bila kuuliza na bila pipa la taka. Yenye dd huweza kuandika juu ya diski nzima.

Kwa nyaraka kuna LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice, ileile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuifasiri kwa Kiswahili na kutolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Inafungua mafaili ya Word, ila barua iliyopangwa vizuri ofisini inaweza kukuvurugikia nyumbani, na mara nyingi sababu ni fonti. Sakinisha ttf-mscorefonts-installer upate Times New Roman na Arial. Calibri na Cambria hazimo humo. Sakinisha fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule, na mistari itakaa mahali pake. Kisha nenda kwenye mipangilio ya LibreOffice uiambie ihifadhi kwa docx daima, ili unayemtumia asikupigie simu. Kazi ya kwenda kuchapishwa stationery igeuze kuwa PDF.

Na ukirudi stationery na flashi iliyopata vile virusi vya shortcut, usiifomati. Chomeka kwenye Linux. Programu hizo za Windows haziwaki humu, na ile alama ya Windows ya kuficha mafaili Linux haiijali kwenye flashi za kawaida, hivyo kazi zako utaziona, pengine ndani ya folda isiyo na jina. Zinakili kwenye kompyuta, ufute mafaili yenye mwisho wa lnk na programu usizozijua, kisha ndipo uisafishe flashi. Mwanafunzi mwenye ripoti ya kuwasilisha kesho anaweza kuokolewa hivi kwa ile flashi yako ya majaribio tu, hata kama kompyuta yake ni ya Windows.

Kama ulibakiza Windows, unaweza kukuta saa yake iko nyuma kwa saa tatu nzima. Linux huweka saa ya bodi kwenye wakati wa dunia, UTC, Windows huisoma kama wakati wa hapa, na Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha urekebishe saa ya Windows mara moja.

Washa Timeshift siku hiyohiyo. Inapiga picha za mfumo kila siku au kila wiki, na ukiharibu kitu unarudi ulipokuwa jana. Nyaraka zako haizichukui kwa kawaida. Hizo endelea kuzinakili kwenye diski ya nje kwa mkono wako.

Ukikwama na kutaka msaada, usiseme tu "Linux yangu imegoma". Nakili maneno ya kosa kama yalivyo, herufi kwa herufi. Taja ulichokuwa unafanya na ulichobadilisha mwisho. Kisha andika inxi -Fxz kwenye terminali na utume matokeo yake: yanataja prosesa, chipu ya waifai, kadi ya picha, diski na toleo la mfumo, na ile z inaficha anwani za mtandao wako.